Sheria mpya, amri za zamani: New Zealand, Uingereza na Kenya katika uangalizi wa lazima na taarifa kwa waathiriwa

Sheria inayobadilisha namna mahakama inavyowashughulikia washtakiwa wenye ulemavu wa akili huandikwa kwa ajili ya watu watakaofikishwa kizimbani baadaye, ilhali siku inapoanza kutumika tayari wapo watu waliozuiliwa kwa amri ya sheria iliyofutwa, na wapo waathiriwa wa uhalifu waliokwisha kuomba waambiwe mtu huyo atakapotoka. Makundi haya mawili hayaangukii moja kwa moja katika vifungu vikuu vya sheria mpya. Hatima yao imo katika masharti ya mpito, ambayo kwa desturi huwekwa mwishoni kabisa mwa muswada, husomwa na wachache, na huandikwa na wanasheria waliokwisha kuchoka na mijadala ya vifungu vya mwanzo.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua: mwandishi wa muswada, wakili, au chama cha watu wenye ulemavu kinachotoa maoni mbele ya kamati ya Bunge katika Afrika Mashariki. Nimechukua nchi tatu kwa sababu kila moja imevuka kwa njia yake. New Zealand ilichagua kumpima upya mtu aliyezuiliwa kabla ya kumhamisha. Uingereza, na hapa ninamaanisha England na Wales tu kwa kuwa Scotland ina sheria zake, ilichora mstari wa tarehe, ikaiacha amri ya zamani iendelee upande mmoja na haki mpya zianze upande wa pili. Kenya iliachia majaji kazi hiyo, kupitia Katiba ya mwaka 2010. Msimamo wangu ni kwamba kwa mtu aliyezuiliwa, njia ya New Zealand ndiyo ya kuanzia, ingawa ina upungufu unaopaswa kurekebishwa. Kwa mwathiriwa, hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayotosha peke yake.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya kwenda mbele. Ugonjwa wa akili unaweza kutibiwa ukapungua au ukaisha, na kwa hiyo amri inayosema mtu akae hospitalini mpaka hali yake itengemae ina mwisho unaoweza kufikiriwa. Ulemavu wa akili hauna mwisho wa aina hiyo. Ni hali ya maisha, na amri yoyote inayoegemea kwenye kupona humgeuka mwenye ulemavu ikawa kifungo kisicho na tarehe. Hili ndilo linalofanya masharti ya mpito yanayofaa kwa wagonjwa wa akili yasifae kwa kunakiliwa tu.

New Zealand: kupimwa upya

Ninaianza New Zealand kwa sababu ndiko kosa la kubadili sheria bila kujenga daraja lilikoonekana kwa muda mrefu, na ndiko lilikorekebishwa kwa uangalifu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1969 iliwaweka wenye ulemavu wa akili ndani ya tafsiri moja na wagonjwa wa akili. Sheria iliyofuata, ya mwaka 1992, ilikataza mtu kuingizwa katika utaratibu wa kupimwa na kutibiwa kwa lazima kwa sababu ya ulemavu wa akili peke yake. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki, lakini Bunge liliondoa msingi wa zamani bila kuweka mwingine. Kwa karibu miaka 12, mahakama iliyokutana na mshtakiwa mwenye ulemavu wa akili aliyefanya jambo la hatari ilibaki na Sehemu ya Saba ya sheria ya haki jinai ya mwaka 1985, ambayo kimsingi ilitambua hospitali ya magonjwa ya akili, gereza, au kuachiwa. Wengine waliwekwa hospitalini kama wagonjwa maalumu, yaani watu waliozuiliwa hospitalini kutokana na kesi ya jinai, ilhali hapakuwa na ugonjwa wa kutibu, na wengine wakaishia gerezani.

Pengo hilo lilizibwa tarehe 1 Septemba 2004, siku ambayo sheria mbili za mwaka 2003 zilianza kutumika pamoja. Ya kwanza ilihusu uangalizi wa lazima, yaani kumweka mtu chini ya matunzo na ulinzi hata asipotaka, na urekebishaji wa watu wenye ulemavu wa akili. Ya pili ilihusu mwenendo wa kesi za jinai kwa watu wenye kasoro za akili, nayo ndiyo iliyochukua nafasi ya Sehemu ya Saba. Kuanza kwa sheria hizo mbili siku moja halikuwa jambo dogo, kwa maana sheria ya pili ndiyo inayompa jaji uwezo wa kutoa amri, na ya kwanza ndiyo inayoeleza amri hiyo inatekelezwaje, wapi, na nani. Kama moja ingetangulia, jaji angetoa amri isiyo na mahali pa kutekelezwa.

Tafsiri ya ulemavu wa akili katika sheria hiyo ni finyu kwa makusudi. Ni lazima kuwe na upungufu wa kudumu unaoonekana katika kipimo cha akili cha 70 au chini yake, kwa uhakika wa takwimu usiopungua asilimia 95. Kuwe na upungufu mkubwa katika angalau stadi mbili za maisha, kama vile mawasiliano, kujihudumia au kufanya kazi. Na hali hiyo iwe imejitokeza katika kipindi cha ukuaji, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuisha mtu anapofikisha miaka 18. Sheria inasema pia kwamba mtu hahesabiwi kuwa na ulemavu wa akili kwa sababu tu ana ugonjwa wa akili, ana tatizo la haiba, amepata jeraha la ubongo baadaye, au haoneshi aibu wala majuto. Kifungu hiki kinaonekana kama maelezo ya kitabibu, lakini kwa mtu wa mpito ni mlango. Aliyewekwa hospitalini chini ya sheria ya zamani anaupita au hapiti, na hakuna anayehamishwa kwa kubadilishiwa jina la faili peke yake.

Namna ya kuupita mlango huo ndiyo inayostahili kuigwa. Msimamizi wa gereza, au mkurugenzi wa huduma za afya ya akili wa eneo, anaweza kumwomba mratibu wa uangalizi wa lazima ampime mfungwa au mgonjwa maalumu anayedhaniwa kuwa na ulemavu wa akili. Wataalamu wanampima, mahitaji yake yanaandikwa katika mpango wa uangalizi na urekebishaji, kisha Mahakama ya Familia ndiyo inayoamua kama amri itolewe. Mahakama hiyo, tofauti na ile ya jinai, haimwangalii mtu huyo kwanza kama mhalifu, na nadhani uchaguzi huo wa mahali pa kusikiliza ombi umefanya kazi kubwa kuliko vifungu vingi virefu.

Muda nao umewekwa mipaka, japo si yote. Amri ya kawaida ya uangalizi haizidi miaka 3 kwa mara moja, na hali ya mtu inapitiwa na mtathmini bingwa katika vipindi visivyozidi miezi 6. Kwa aliyeonekana hana uwezo wa kusimama kizimbani na akazuiliwa kwa hadhi maalumu, ukomo ni nusu ya adhabu ya juu ya kosa aliloshtakiwa, au miaka 10 ikiwa kosa hilo lina adhabu ya kifungo cha maisha. Tatizo liko kwenye neno "kwa mara moja". Amri ya miaka 3 inaweza kuongezwa na Mahakama ya Familia, kisha ikaongezwa tena. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililopewa jina la VM, ilieleza kwamba anayeamua kuongeza muda lazima apime usalama wa jamii dhidi ya uhuru wa mtu huyo, na kwamba kadiri miaka inavyopita tangu amri ya kwanza ndivyo uhuru unavyozidi kuwa na uzito. Ni kauli nzuri, lakini ni kauli ya mahakama, wala haiwi ukomo uliowekwa na sheria. Mtu aliyevuka kutoka sheria ya zamani anaweza kujikuta ametoka kwenye kizuizi kisicho na tarehe na kuingia kwenye mfululizo wa tarehe zinazosogezwa mbele.

Upande wa waathiriwa una funzo ambalo wengi hawalioni. New Zealand ilikuwa na sheria ya waathiriwa ya mwaka 1987, kisha ikatunga Sheria ya Haki za Waathiriwa ya mwaka 2002, iliyotangulia mageuzi ya uangalizi wa lazima. Sheria hiyo inamtaka Mkurugenzi Mkuu wa Afya amwarifu mwathiriwa wa kosa kubwa, aliyeomba kuarifiwa, pale mtu aliyezuiliwa anapokaribia kuachiwa, anapopewa ruhusa ya kutoka, anapotoroka, au anapofariki. Sasa fikiria wajibu huo ungekuwa umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyezuiliwa hospitalini tu. Siku mtu huyo anapohamishwa kutoka hospitali kwenda kituo cha uangalizi cha wenye ulemavu, anatoka nje ya maneno ya sheria, na mwathiriwa anapoteza haki yake bila mtu yeyote kukusudia. Kwa hiyo sheria ya waathiriwa ilirekebishwa pamoja na mageuzi hayo ili wajibu umfuate mtu hospitalini na kituoni vilevile. Ni marekebisho ya maneno machache, lakini ndiyo yaliyozuia haki ya watu kukatika katikati ya njia.

Udhaifu wake ni kwamba mwathiriwa lazima aombe. Anwani zake huchukuliwa na polisi na kuingizwa katika rejesta, na asiyejiandikisha haarifiwi. Anayejua haki zake hufaidika. Aliyehama nyumba bila kubadilisha anwani husahaulika.

Uingereza: mstari wa tarehe

Uingereza inahitaji maneno machache zaidi, kwa kuwa njia yake ni rahisi kuieleza. Chini ya sheria ya mwaka 1964, mtu aliyeonekana hana uwezo wa kusimama kizimbani alipelekwa hospitali kwa lazima na bila kikomo, hata kama kosa lake lilikuwa dogo. Sheria ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1992, ikampa jaji uchaguzi mwingine, na marekebisho ya mwaka 2004 yakaunyoosha uchaguzi huo ukawa wa namna tatu: amri ya hospitali, amri ya usimamizi katika jamii, au kuachiwa moja kwa moja.

Sheria hiyo ya mwaka 2004 ndiyo iliyomwingiza mwathiriwa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2005, mwathiriwa wa kosa la kikatili au la kingono ana haki ya kuwasiliana na ofisa wa huduma ya usimamizi wa wahalifu pale mtu anapopewa amri ya hospitali yenye vizuizi, yaani ile ambayo hospitali haiwezi kumwachia mtu bila idhini ya waziri au ya baraza la mapitio. Kuanzia tarehe 3 Novemba 2008 haki hiyo ilipanuliwa ikagusa amri za hospitali zisizo na vizuizi, isipokuwa kwamba hapo wajibu wa kutoa taarifa uliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa hospitali. Haki hizi ziliambatanishwa na tarehe ya amri: iliyotolewa siku hiyo au baadaye inabeba haki hizo, na iliyotangulia haizibebi. Mwathiriwa wa amri ya zamani hubaki akitegemea hiari ya ofisa.

Njia hii ina wateteaji wake, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa. Ni nafuu, kwa kuwa haihitaji kufufua mafaili. Haimlazimishi ofisa kumtafuta mtu ambaye huenda hataki kukumbushwa yaliyompata miaka 15 iliyopita. Inalinda kanuni kwamba sheria haitazami nyuma. Lakini matokeo yake ni kwamba wagonjwa wawili waliolala wodi moja, waliotenda kosa la aina moja, wanaweza kuachiwa wiki moja, mwathiriwa wa mmoja akapigiwa simu na wa mwingine akakutana na aliyemdhuru sokoni. Hoja ya kutotazama nyuma nayo naiona dhaifu hapa. Kanuni hiyo ipo ili kumlinda mshtakiwa asiadhibiwe kwa jambo ambalo halikuwa kosa, au asipewe adhabu nzito kuliko iliyokuwepo alipotenda. Kumwambia mwathiriwa tarehe ya mtu kutoka hakumwongezei aliyezuiliwa hata siku moja.

Walichofanya vizuri Waingereza ni kutaja ofisi. Sheria inaeleza nani anatoa taarifa wakati kuna vizuizi, nani anatoa wakati havipo, na nini kinatokea vizuizi vinapokoma huku mtu akibaki hospitalini: jukumu linahamia kwa wasimamizi wa hospitali. Inaeleza pia kinachosemwa, yaani kama mtu ataachiwa, kama kuna masharti, na masharti yale yanayohusu kuwasiliana na mwathiriwa au familia yake. Ugonjwa wake, dawa zake na maendeleo yake si sehemu ya taarifa hiyo.

Uingereza inatoa pia onyo la aina nyingine. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya uwezo wa kiakili ili kubadilisha utaratibu wa kiraia wa kuwazuia watu wasioweza kujiamulia mahali pa kuishi. Aprili 2023 serikali ikatangaza kwamba utekelezaji wake umeahirishwa. Sheria ilikwisha kutiwa saini, watu wakaendelea kuzuiliwa kwa utaratibu ambao Bunge lenyewe lilikuwa limeamua kuuacha. Muswada usio na tarehe ya kuanza kutumika ndani yake humwachia waziri nafasi hiyo.

Kenya: majaji bila daraja

Kanuni za mwenendo wa makosa ya jinai za Kenya, zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, zilikuwa na vifungu viwili vya kuangaliwa. Kifungu cha 166 kilimhusu aliyetenda kosa akiwa hana akili timamu, ambaye alizuiliwa hospitalini, gerezani au mahali pengine panapofaa kwa ridhaa ya Rais, yaani bila tarehe, mpaka Rais aamue vinginevyo. Kifungu cha 167 kilimhusu mshtakiwa ambaye hana wazimu lakini hawezi kuelewa mwenendo wa kesi. Huyu ndiye mara nyingi mtu mwenye ulemavu wa akili, au kiziwi ambaye hakuwahi kufundishwa lugha ya alama. Naye alizuiliwa kwa ridhaa ya Rais. Mtu huyu angeweza kukaa miaka mingi kuliko adhabu ya kosa lenyewe bila kuwahi kutiwa hatiani.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliweka sharti la mpito la jumla katika Jedwali la Sita: sheria zote zilizokuwepo ziendelee kutumika, lakini zisomwe pamoja na mabadiliko na marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Ni sharti pana, na kwa upana huo lilikuwa na faida kubwa, kwa kuwa halikumsubirisha mtu mpaka Bunge lipate nafasi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Meru ilikikuta kifungu cha 167 kikipingana na Katiba, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kisumu, katika shauri la SOM, ikakisema hivyo kifungu cha 166 kuhusu kizuizi cha kutegemea ridhaa ya Rais. Baadhi ya majaji waliofuata wakaanza kuweka muda maalumu, au kuagiza mtu arudishwe mbele ya mahakama ili hali yake ipitiwe.

Hata hivyo uamuzi wa jaji humfikia kwanza aliyeomba. Mwenye wakili, au aliyebahatika kukumbukwa na shirika la msaada wa kisheria, alipata nafuu. Ambaye faili lake halikufunguliwa na mtu aliendelea kusubiri ridhaa ambayo mahakama ilikwisha kuisema kwamba haifai. Tumeliona jambo hilihili katika kesi maarufu ya Muruatetu: Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo tarehe 14 Desemba 2017, maombi ya kuhukumiwa upya yakamiminika hadi kwa makosa mengine, na ilibidi mahakama hiyo itoe maelekezo tarehe 6 Julai 2021 ikisema kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la mauaji tu. Kati ya tarehe hizo mbili, mahakama za chini zilivuka kila moja kwa mtumbwi wake.

Kwa mwathiriwa, Ibara ya 50 ya Katiba iliagiza Bunge litunge sheria ya kumlinda, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ikapatikana mwaka 2014. Lakini jaji anayefuta maneno ya kifungu hawezi kwa kalamu hiyohiyo kuunda ofisi, rejesta na namba ya simu. Anaweza kuagiza mwathiriwa aitwe katika shauri lililo mbele yake. Hawezi kuupanga utaratibu kwa mashauri ambayo hayajamfikia.

Mtu yuleyule katika nchi tatu

Tuchukulie mtu wa kubuni. Ni kijana mwenye ulemavu wa akili aliyemjeruhi vibaya jirani yake. Mahakama ikaona hawezi kuelewa mashtaka, ikamweka hospitalini miaka 4 kabla ya sheria mpya kuanza. Kosa lake lina adhabu ya juu ya miaka 14. Jirani aliandika barua akiomba kuarifiwa.

Kwa mantiki ya New Zealand, kijana huyu anapimwa kama ana ulemavu kwa tafsiri ya sheria. Akionekana anao, mpango wake unaandikwa na anaweza kwenda kwenye kituo kinachofaa. Ukomo wa hadhi yake maalumu ni nusu ya miaka 14, yaani miaka 7. Hapo ndipo mwandishi wa muswada anapotakiwa kuwa macho: je, miaka 7 inahesabiwa tangu amri ya kwanza, au tangu siku ya kuvuka? Ikihesabiwa tangu amri ya kwanza, amebakiza miaka 3. Ikihesabiwa tangu kuvuka, jumla yake ni miaka 11, na mageuzi yaliyokusudiwa kumwokoa yatakuwa yamemwongezea kifungo. Neno "tangu" katika kifungu hicho lina uzito kuliko dibaji nzima ya sheria. Jirani, akiwa yumo katika rejesta, ataarifiwa ama kijana awe hospitalini ama kituoni.

Kwa mantiki ya Uingereza, amri ya kijana inaendelea kama ilivyo. Hapimwi upya kwa sababu ya sheria mpya, bali kwa taratibu za kawaida za mapitio ambazo tayari anazo. Jirani yuko upande usiofaa wa mstari, na barua yake itategemea wema wa atakayeisoma.

Kwa mantiki ya Kenya, yote yanategemea kama kuna atakayelipeleka jina la kijana mahakamani. Likifika, anaweza kupata nafuu kubwa na ya haraka kuliko katika nchi zile mbili, pengine kuachiwa ndani ya miezi. Jirani atalijua jambo hilo ikiwa mwendesha mashtaka atakumbuka kumwita.

Uchaguzi

Kabla ya kuchagua kati ya njia hizi, lipo pingamizi linalozihusu zote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya na New Zealand ziliuridhia mwaka 2008 na Uingereza na Tanzania mwaka 2009, unasema katika Ibara ya 14 kwamba ulemavu hautakuwa kwa vyovyote sababu ya kumnyima mtu uhuru. Kamati inayosimamia mkataba huo imeusoma kwa ukali: uangalizi wa lazima unaojengwa juu ya ulemavu, hata ukiambatana na hatari kwa wengine, haukubaliki. Anayekubaliana na usomaji huo hatatafuta mpito kuelekea uangalizi wa lazima ulioboreshwa. Atatafuta mpito kuelekea huduma za hiari na kesi zinazorekebishwa ili mshtakiwa aweze kushiriki. Naiheshimu hoja hiyo, lakini hata yeye atahitaji kifungu kinachosema waliozuiliwa leo wanatoka kwa utaratibu gani, na waathiriwa wao wanaambiwa na nani. Ulinganisho huu unamfaa vilevile.

Nchi yenye wataalamu wa kutosha wa kupima ulemavu wa akili ichague kupima upya. Isiyo nao, na hapa nchi zetu nyingi zimo, isikimbilie mstari wa tarehe kwa kisingizio cha uhaba. Iweke muda wa kumfikisha kila mtu mbele ya mahakama, na mahakama ipime kwa ushahidi uliopo, pamoja na wa ndugu na wahudumu waliomlea. Taasisi ya Isanga mjini Dodoma, inayowapokea watu wanaopelekwa na mahakama, ni mfano wa mahali ambapo muswada wa aina hii ungelazimika kuhesabu waliomo kabla ya kuandika neno la kwanza. Katika hali kama hiyo ningependekeza kifungu cha namna hii: "Mtu yeyote ambaye, siku Sheria hii inapoanza kutumika, amezuiliwa kwa amri iliyotolewa chini ya sheria iliyofutwa, atafikishwa mbele ya mahakama ndani ya siku 180, na iwapo hatafikishwa, amri hiyo itakoma, isipokuwa mahakama iongeze muda mara moja tu kwa siku zisizozidi 60." Wapo watakaosema kifungu hiki ni cha hatari. Lakini tarehe isiyo na adhabu kwa serikali hugeuka pendekezo, na mzigo wa kuchelewa hurudi kwa asiyeweza hata kuandika barua ya malalamiko.

Kifungu cha pili ni kifupi: "Ukomo wowote wa muda utahesabiwa tangu tarehe ya amri ya kwanza." Cha tatu kiifungue njia ya Kenya sambamba na hizo nyingine, kwa kumruhusu mtu, ndugu yake au chama chochote kuomba mahakama impitie kabla ya siku 180 kuisha.

Kwa mwathiriwa, chukua wigo wa New Zealand na mgawanyo wa kazi wa Uingereza, kisha uutupe mstari wa tarehe. Wajibu wa kutoa taarifa ufuate hali ya mtu siku anapotoka, bila kujali amri ilitolewa lini: "Ombi la taarifa lililopokelewa chini ya sheria iliyofutwa litahesabiwa kuwa limepokelewa chini ya Sheria hii, na ofisi iliyolipokea italikabidhi kwa ofisi inayohusika ndani ya siku 30." Wale ambao hawakuwahi kuomba kwa sababu sheria ya zamani haikuwapa nafasi waulizwe mara moja, kwa njia ya faragha, kama wanataka kuarifiwa, na kukataa kwao kuheshimiwe, kwa njia hiyo hoja ya Waingereza kuhusu kutomkumbusha mtu machungu inajibiwa bila kumnyima haki anayeitaka. Taarifa yenyewe iishie kwenye tarehe, aina ya ruhusa na masharti yanayomgusa mwathiriwa. Isitaje kituo anachokaa mtu huyo iwapo anabaki chini ya uangalizi, wala kipimo cha akili, wala yaliyoandikwa katika mpango wake, na anwani ya mwathiriwa isiwekwe katika faili ambalo aliyezuiliwa au wakili wake ana haki ya kulisoma.

Ofisi itakayotunza rejesta hiyo ianze kazi angalau miezi 3 kabla ya sheria yenyewe kuanza kutumika, kwa sababu mtu wa kwanza kufikishwa mbele ya mahakama chini ya masharti ya mpito anaweza kuachiwa siku hiyohiyo.